Beki Aliyechoma Wavu Wake

Yuty, Paraguay, 21 Februari 1988

Mpwa wangu Derlis,

Mungu akubariki kabla hujaniomba, maana najua kukaa kwingi na Wachile kutakusahaulisha kuunganisha mikono mbele ya mjomba wako. Huku sote tupo na tunakula. Mama yako, dada yangu Epifania, mguu bado unamsumbua mvua ikikaribia, na majirani wanamtumia kama redio: akilalamika asubuhi, mchana watu wanaanua nguo. Ng'ombe wake mweupe amezaa ndama dume, mkaidi kama wewe. Tanuri langu la matofali linawaka vizuri. Nusu ya mji huu, usidhani najisifu, imejengwa kwa matofali ya Crispín Ovelar. Nusu nyingine imejengwa vibaya.

Sikukuu ya San Blas ilifana. Chipa za mama yako, ile mikate yake ya jibini, ziliisha padri akiwa bado anabariki watu koo. Wengine walibarikiwa wakitafuna.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Tangu uende Chile, miaka minane, kila bahasha yako huja na vipande vya magazeti. Nimevibandika kwenye ukuta wa kibanda cha tanuri, na wateja wakisubiri wanasoma: Derlis Arrúa, beki wa kati, Unión Molinera ya Talca, hakupitika. Lakini bahasha ya Krismasi imekuja na kalenda yenye picha ya mlima. Mlima, Derlis! Mlima ulimkaba nani?

Don Teófilo wa stesheni akaniuliza mbele za watu, "Crispín, mpwa wako ameacha mpira?" Nikamwambia, "Teófilo, wewe treni zako hazifiki, ukoo wangu unakuhusu nini?" Watu wakacheka, yakaisha. Ila mimi usiku sikucheka.

Umri wako si wa kuacha. Thelathini na nne ndipo beki anapoiva. Mimi kama si matofali ningekuwa bado nacheza. Unaikumbuka ile mechi na Caazapá, nilipobutua mpira ukadondokea kwenye behewa la mwisho la treni, ukaenda kushushwa Encarnación pamoja na mizigo? Refa aliamua mpira wa kurusha, lakini sheria inasema urushwe pale ulipotokea, na hapakuwa na mchezaji mwenye nauli. Mpaka leo Amerika nzima hakuna beki aliyeokoa kwa umbali ule.

Niandikie. Na utie gazeti.

Mjomba wako,
Crispín Ovelar


Talca, Chile, 27 Machi 1988

Mjomba Crispín,

Naunganisha mikono miwili, nibariki. Mimi ni mzima, hapa zabibu zimeshavunwa na asubuhi baridi imeanza kuuma. Mwambie mama shuka aliyonifumia naitumia, na nakula vizuri, ingawa Wachile wanatia parachichi kwenye kila kitu, hata kwenye mkate wenye soseji. Ndama mpe jina langu basi, kama ni mkaidi.

Mjomba, kuhusu ule mpira wa treni. Nilipokuwa mtoto, ulishushwa stesheni ya Maciel. Nilipohamia Asunción kucheza, nikasikia umefika Coronel Bogado. Sasa umefika Encarnación. Nikichelewa kurudi nyumbani utavuka mto uingie Argentina bila pasipoti.

Magazeti hakuna kwa sababu mwandishi wa michezo wa hapa ameoa, siku hizi haandiki sana. Goti langu la kulia limechoka kidogo. Nikiwa napumzika, klabu imenipa kazi ndogo ya kuwaangalia mabeki vijana mazoezini. Si kitu cha kumwambia Don Teófilo.

Msalimie mama sana.

Derlis


Yuty, 24 Aprili 1988

Mheshimiwa Kocha Derlis,

Pokea baraka zangu, pamoja na za mama yako, ambaye alifurahi ndama kupewa jina, sasa anamwita kutwa na mimi naruka nikidhani umefika. Mvua imenyesha wiki nzima, matofali mabichi yamerudi kuwa udongo. Si hasara, ni mazoezi.

Mwandishi ameoa! Hata mimi, baba wa waongo wote wa reli hii, ningeona haya kuutoa uongo huo hadharani bila kuuvisha nguo. Ungesema amepigwa na radi. Ungesema amekuwa mtawa. Ameoa! Huo ni uongo wa mtu asiyekula mandioka, muhogo wa kwetu, ya kutosha.

Nimesoma barua yako kama ninavyosoma udongo: nimeona kilichomo. Umekuwa kocha. Nimeshawaambia watu. Sokoni nilisema unafundisha mabeki wa Talca, nilipofika kanisani walikuwa mabeki wa Chile yote, na jioni Don Teófilo alinipongeza kwa uteuzi wako serikalini. Sikumkatalia. Mzee ana presha.

Ila kuna neno umelipita kama anayeruka dimbwi. Kuangalia mabeki ni kazi, na goti kuchoka ni habari nyingine. Unacheza au huchezi? Jibu kwa neno moja, stempu ni ghali.

Na kama unafundisha, basi fundisha kama ulivyofundishwa, yaani na mimi. Shule nyingine hukupata. Unakumbuka mpira wa moto sikukuu ya San Juan? Matambara yaliyofungwa duara, yakaloweshwa mafuta, yakawashwa, na sisi tunapigiana uwanja mzima wanawake wakikimbia na masinia. Pale ndipo ulipokuwa beki. Mtoto aliyezoea kuukabili mpira unaowaka hawezi kuuogopa mpira wa ngozi. Wape moto hao Wachile, utaona watakavyosimama.

Mimi mwenyewe kwa malezi hayo nilimkaba winga wa Caazapá vibaya sana, hata kipenga cha mwisho kilipolia sikusikia. Nilishtuka niko ndani ya basi lao, nimekaa naye kiti kimoja. Mama yake alinipa chakula cha jioni.

Crispín


Talca, 22 Mei 1988

Mjomba,

Nibariki, na leo nibariki vizuri.

Sina habari za hali ya hewa. Neno moja ulilotaka ni hili: sichezi. Desemba daktari alilifungua goti, akalitazama, akalifunga. Aliniambia nitatembea, nitacheza ngoma harusini, lakini kusukumana na washambuliaji basi. Mkataba wangu wa uchezaji uliisha siku ileile ninyi mnakula nyama choma ya Mwaka Mpya. Mama usimwambie. Ataanza kuweka nadhiri, halafu atataka kuzitimiza kwa miguu na mguu wenyewe ndio ule.

Mwenyekiti wa klabu, Don Baldomero, mwenye kinu cha unga, alinihurumia. Nimepewa majaribio ya kufundisha mabeki mpaka mwisho wa Julai. Hapo wakurugenzi watakaa na kuamua. Wakinikataa narudi Yuty na begi langu. Sisemi Yuty ni pabaya. Ila tangu nikiwa na miaka kumi na saba sijawahi kufanya kazi nyingine, na sitaki kurudi nikiwa kipande cha gazeti kilichobandikwa ukutani kwako.

Tatizo, mjomba, ni kwamba sijui kufundisha. Kukaba najua. Lakini kuna beki kijana, Nibaldo, mrefu, mwenye maswali. Ananiuliza, "Profe, unajuaje mpira utaangukia wapi?" Nikamwambia, "Naona tu." Wote wakacheka. Akauliza tena, "Unaona nini?" Miaka kumi na saba nimefanya kitu kimoja na sijui kinaitwaje. Nikataka kuwaonyesha kwa vitendo, goti likagoma, wakanibeba nje wakinishika makwapa kama bibi harusi aliyelewa.

Na ukuta wangu! Mpira wa adhabu ukipigwa, wote wanageuka na kutoa migongo kama wasichana waliochunguliwa wakioga mtoni. Nikapiga kelele kwa Kiguarani, nikasahau kwamba hapa hakuna anayekijua. Nibaldo akasema, "Profe, hilo ni tusi au ni mbinu?" Lilikuwa vyote viwili.

Mpira wa moto nimeufikiria sana. Labda hukukosea.

Derlis


Yuty, 12 Juni 1988

Mpwa wangu,

Mungu akulinde. Mama yako hajambo. Ndama Derlis amevunja uzio wa jirani mara mbili, na mara zote mbili amekutwa katikati ya kabichi amesimama tu, kama anayengoja kona ipigwe. Baridi imeingia. Binti wa Don Teófilo ameposwa na mtu wa forodha, na Teófilo anatembea kama ameposwa yeye. Mandioka mwaka huu imekuwa nyeupe na laini. Padri amebadilishwa, huyu mpya anahubiri kifupi, kanisa linajaa. Ng'ombe mweupe ametoa maziwa mengi, jibini tumepeleka mpaka kwa shangazi zako wa Bogado.

Nimepata barua yako nikaisomea nyuma ya tanuri, pasipo mtu. Mama yako sijamwambia. Moshi uliniingia machoni.

Sikiliza. Hakuna aliyesema urudi. Nina chumba nimejenga ubavuni mwa nyumba ya mama yako kwa matofali yaliyobaki, si kwa ajili ya mtu yeyote, nilikuwa na matofali tu. Kina dirisha linalotazama uwanjani. Ukikitaka kipo, usipokitaka nitatia mahindi. Basi hilo limekwisha.

Kufundisha usikuogope. Mimi nimefundisha watu kutengeneza matofali bila kujua kusoma zaidi ya darasa la tatu. Nawapiga kofi la kisogo, wanajua. Lakini Wachile usiwapige.

Kuhusu mpira wa moto, nimekumbuka kwamba wewe ulikuwa mpigaji tu, mtengenezaji nilikuwa mimi. Kwa hiyo shika haya. Matambara ni ya pamba, tena makuukuu. Ufunge kwa waya, usifunge kwa kamba, kamba huungua na mpira unafumuka. Nyasi ziwe na umande. Magoli yawe mbali. Tia mafuta ya taa, wala usithubutu petroli.

Crispín


Talca, 25 Juni 1988

Mjomba Crispín,

Leo sikuombi baraka. Kwanza nataka unijibu swali, nalo nitaliweka mwisho ili ulisome ukiwa umeshaona aibu.

Jana ilikuwa San Juan. Niliwaita mabeki wangu uwanjani jua likizama. Nilifunga matambara kwa kamba ya magunia, nikayalowesha petroli ya lori la kinu, nikawasha kiberiti. Ukawaka mpira kama jua dogo. Nibaldo akarudi nyuma akauliza, "Profe, hii ni adhabu au ni dini?"

"Ni malezi," nikamwambia. "Simama."

Mjomba, mwanzoni ilikuwa raha. Nilipiga wa kwanza, wakakimbia. Wa pili, wakakimbia kidogo. Baadaye wakaanza kucheka na kupigiana wenyewe, hakuna aliyetoa mgongo, na mimi nimesimama pale na goti langu, nahisi niko uwanjani Yuty naona masinia ya mama. Nikasema moyoni, mjomba Crispín, safari moja katika maisha yako umesema kweli.

Hapo akaingia Don Baldomero na kofia yake. "Arrúa! Kuna nini humu, mnachoma nguruwe?"

Nibaldo alishtuka, akageuka, akaupiga kwa kisigino. Kamba nayo ikakatika wakati huohuo. Mpira ulifumuka hewani, ukaingia golini vipande vipande. Nyavu zilikuwa mpya za nailoni, zimefungwa juma hili. Nailoni haiungui kama kamba, mjomba. Inayeyuka, inadondoka matone, inalia chwi, chwi. Tulisimama tukautazama wavu ukiisha mpaka yakabaki machuma matupu.

Don Baldomero akavua kofia kama msibani. "Arrúa," akasema, "goli hili umelilinda miaka minane. Leo limeingia moja la kweli."

Wiki ijayo Jumapili tuna mechi, na nyavu kama zile haziji mpaka ziagizwe Santiago. Ametupa magunia ya vitunguu, yale ya nyuzi nyekundu yenye matundu, na sindano za kushonea magunia, akatufungia ghalani kwake tushone wavu kwa mikono yetu. Kuhusu mimi alisema wakurugenzi watakaa kama ilivyopangwa, lakini nisinunue viatu vipya.

Swali langu ni hili. Ulinituma nichome uwanja wa watu kwa kuwa uliamini, au kwa kuwa ulitaka nifukuzwe nirudi?

Derlis


Talca, 1 Julai 1988

Mjomba,

Barua yako ya Juni kumi na mbili imefika leo. Ukurasa wa kwanza ni ng'ombe. Kisha posa ya watu, mandioka, padri, jibini. Ukurasa wa pili, mstari wa mwisho kabisa: "wala usithubutu petroli."

Asante sana.

Nimekiona na kile chumba ambacho si cha mtu yeyote. Dirisha linatazama uwanjani, umesema. Mahindi yanapenda mpira siku hizi?

Bado tunashona. Vidole vyangu vimetoboka vyote.

Derlis


Yuty, 24 Julai 1988

Derlis,

Barua zako mbili zimekuja kwa treni moja, zimenipiga kushoto na kulia. Leo sisalimu mtu. Ng'ombe hajambo, nimemaliza.

Nani alikuambia petroli? Nani? Nimekulea tangu hujui kufunga kamba za viatu, na bado hujui, maana ulifunga mpira wa San Juan kwa kamba ya gunia. Hapa Yuty hata mlevi anajua waya. Kwa mtu wa Paraguay kuharibu mpira wa moto ni kama kuunguza maji ya terere, chai yetu ya baridi. Sijamwambia mtu. Kwanza nani ataniamini?

Sasa swali lako. Ningetaka kukurudisha ningeandika "rudi" na stempu moja ingetosha. Nisingepita njia ya kuchoma nyavu za watu, nyavu ni ghali. Nilikutuma kwa sababu niliamini. Na bado naamini, ila kwa waya.

Kuhusu chumba, mtu haruhusiwi kujenga? Fundi wa matofali ajenge nini, mtumbwi? Ndiyo, nilipokuwa naweka dirisha nilifikiri kuna mtu fulani ana goti bovu, angependa kukaa akatazama mpira bila kusimama. Nilifikiri hivyo siku moja, labda mbili. Kisha nikasoma barua yako ya Mei, pale uliposema hutaki kuwa gazeti ukutani, nikaenda nikatia mahindi siku hiyohiyo. Magunia tisa. Njoo uyahesabu kama hunisadiki. Lakini usije kwa kufukuzwa. Utaingiaje kwenye chumba changu na uso wa mtu aliyefukuzwa? Kimepakwa chokaa juzi.

Wiki hii ndiyo wanakaa hao wakurugenzi, na barua hii itakufikia yameshaamuliwa. Kwa hiyo sina la kukushauri. Unaona, mjomba wako kakosa la kusema, andika tarehe.

Mungu akubariki, hata kama hukuomba.

Crispín


Talca, 7 Agosti 1988

Mjomba Crispín,

Naunganisha mikono, na safari hii nimeinama.

Nakueleza yote kwa mpangilio, tia kuni tanurini ukae.

Ghalani kwa Don Baldomero tulikaa mezani mimi na mabeki wangu, mvua nje, magunia mapajani. Mtu akiwa na sindano mkononi hawezi kukimbia wala kupiga kelele, kilichobaki ni maongezi. Nibaldo akarudi na swali lake. "Profe, tunashona kwa sababu yako. Angalau tuambie. Unajuaje mpira utaangukia wapi?"

Kulikuwa na vitunguu vimebaki magunia ya chini. Nikachukua kimoja nikakiweka mezani, nikasema, "Huyu ni mshambuliaji." Nikapanga vinne, "Hawa ni nyinyi." Nikaanza kuvisogeza kama ninavyokumbuka kutoka mechi moja ya zamani, nani ameotea na nani hajaotea, nikauliza kila hatua, mimi hapa nilikuwa natazama wapi? Nilikuwa sijawahi kujiuliza. Na mjomba, hapo nikaona. Sikuwa natazama mpira. Sikuwa natazama hata mguu unaopiga. Nilikuwa natazama ule mguu mwingine, unaokanyaga chini. Ule hauwezi kudanganya, kidole chake kinaelekea mpira unakokwenda. Miaka kumi na saba nautazama mguu huo na sikujua.

Nibaldo akasema, "Kwa hiyo nikigeuza mgongo..."

"Huuoni mguu."

"Kumbe!" akasema. "Mbona hukusema hivyo? Wewe ulikuwa unasema tu tusiogope."

Alisema kweli. Nilikuwa nawaomba ujasiri, na wao walihitaji kitu cha kutazama. Hata San Juan nyumbani, nikikumbuka vizuri, sikuwa shujaa. Nilikuwa natazama miguu yenu nijue moto unakuja wapi. Kwa hiyo usiseme nakuvunjia heshima, mjomba, moto wako ulinifundisha, ila si kile unachofikiri.

Jumapili tukafunga wavu wetu mwekundu. Wageni walitucheka mpaka wakaishiwa. Kipindi cha pili kipa wao akasimama golini mle, na baada ya muda akaanza kufuta machozi. Alisema ni mafua. Tukamfunga moja, akiwa anapenga.

Dakika za mwisho wakapata mpira wa adhabu karibu na boksi. Ukuta wangu ukasimama. Mpaka hapo sikuwa nimetamani kucheza, lakini hapo, mjomba, mguu wangu ulivuka chaki peke yake, refa msaidizi akanirudisha kama mtoto. Nikawatazama. Hakuna aliyeutazama mpira. Wote wanne macho chini, kwenye mguu wa kushoto wa mpigaji. Kabla hajapiga, Nibaldo akasogea nusu hatua, mpira ukamkuta kifuani, pu! Akautoa nje. Akanigeukia akaonyesha mguu wake kwa kidole. Nilikaa kwenye benchi. Nilisema ni goti.

Wakurugenzi walikaa tarehe thelathini. Mmoja alitaka niondoke kwa sababu ya nyavu. Don Baldomero akamkatiza: "Siku ya vitunguu nilikuwa nyuma ya mlango. Nimekuwa mwenyekiti wa klabu hii miaka kumi na moja, na siku ile ndipo nimeelewa kuotea ni nini." Wote wakainamia karatasi zao. Nadhani wengine nao hawakujua.

Nimepewa mkataba mpaka mwisho wa mwaka kesho, kocha wa mabeki. Sharti ni moja, nisiingie uwanjani na kiberiti.

Viatu vyangu vya kuchezea nimevisafisha nikavitundika, sijui nivifanyeje. Sasa mwambie mama. Mwambie wewe, mimi siwezi kwa barua.

Derlis


Yuty, 4 Septemba 1988

Mwanangu Derlis,

Baraka za Mungu zikufunike, na za San Blas, na zangu, ambazo ni nzito kuliko zote mbili kwa kuwa zimepigwa stempu.

Nilimwambia mama yako Jumapili baada ya misa. Nilijiandaa asubuhi nzima, nikavaa shati, nikakohoa. Alikuwa anakanda unga wa chipa.

"Epifania," nikasema, "Derlis hachezi tena."

Hakuacha kukanda. "Hachezi kabisa?"

"Kabisa. Anafundisha."

"Wanaofundisha wanavunjwa miguu?"

"Hapana. Wanakaa kwenye benchi."

"Basi," akasema. "Miaka yote hii kila Jumapili nilikuwa sipiki mpaka mechi iishe. Lete jibini." Ndiyo hayo tu. Halafu chipa zilitoka na chumvi nyingi, na hakuna aliyethubutu kuuliza kwa nini. Anasema uje Desemba, na uje na tiketi ya kurudi mfukoni, akuone ukiwa mgeni mwenye kazi. Maneno ni yake. Mimi ningesema uje tu.

Mji wote unajua. Nimeeleza kwamba umemfundisha mwenyekiti wa klabu kuotea, ingawa katika maelezo yangu alikuwa waziri. Don Teófilo amekuja mwenyewe kibandani kusoma barua yako, nikamsomea sehemu zinazofaa. Moto niliuacha. Akasema, "Crispín, kijana huyu amekupita." Nikamwambia ni kawaida, nilimtengenezea njia.

Sasa kuna jambo dogo. Si langu, ni la rafiki yangu. Rafiki huyu ameombwa afundishe timu ya ligi yetu ya Yuty, mashindano ya ligi za mikoa. Wamemwomba kwa sababu kila mtu anajua alivyokuwa beki. Alikubali palepale, ana mdomo mwepesi. Ila mabeki aliowakuta, Derlis, wanasimama kama ng'ombe wanaongoja lori. Amewapa kofi la kisogo, hawakujua. Amewasimulia mpira wa treni, wakafurahi sana, wakafungwa mabao manne.

Basi rafiki huyo akajaribu mambo yako ya mezani. Vitunguu msimu huu ni haba, akatumia chipa za Epifania. Akampanga beki wa kushoto, wa kulia, wa kati wawili, kipa. Akageuka kuchukua terere. Aliporudi, beki wa kushoto hayupo, wa kati mmoja amebaki nusu, na kipa anatafunwa na kipa.

Niambie, kwa ajili yake. Ule mguu unaokanyaga, mtu anautazama tangu lini, mpigaji akianza kukimbia au akishafika? Na kidole kikielekea kushoto, ni kushoto kwake au kushoto kwangu ninayemtazama? Na beki wa pili asimame wapi, nyuma ya wa kwanza au pembeni? Hili sikuwahi kulijua, nilikuwa naubutua tu.

Chora. Chora vitunguu vyote na uandike majina, nitaelewa. Na uandike haraka, mwanangu, tunacheza na timu ya mji wa San Juan Nepomuceno Oktoba.

Crispín